Mbu wengi hufa kabla ya kuweza kukudhuru

UMEZIMA taa, umejifunika blanketi, na papo hapo mbu anaanza kulia karibu na sikio lako. Wengi wetu, msomaji, huamini kwamba kila mbu aliaye hivyo amebeba malaria, na kwamba ametoka huko alikotoka akiwa na nia ya kukutafuta wewe. Mambo yote mawili si kweli. Ikiwa unaishi Nairobi, yamkini mbu huyo ni wa aina ya kuleksi, wale wanaozaliwa katika maji machafu ya mitaro na ambao hawaenezi malaria. Malaria huenezwa na mbu wa aina ya anofelesi, tena jike peke yake, kwa sababu dume hanywi damu. Na hata hao majike wa anofelesi, walio wengi hufa kabla ya kufikia umri wa kuweza kumwambukiza mtu yeyote.

Makala haya yanahusu umri huo. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa darasa la nane anaweza kuifuata, lakini inaeleza mambo mengi yanayowatatiza watu: kwa nini Nairobi haina malaria nyingi ilhali Kisumu inayo, kwa nini mvua za mwaka mmoja huleta msiba na za mwaka mwingine zikapita salama, na kwa nini chandarua cha jirani yako kinaweza kumlinda mtoto wako.

Tuanze na jambo ambalo halisemwi vya kutosha: hakuna mbu anayezaliwa na malaria. Akitoka majini akiwa na mabawa mapya, yeye ni safi. Ni lazima kwanza amuume mtu ambaye damu yake ina vimelea vya malaria. Hata baada ya hapo bado hana madhara, kwa kuwa vimelea hivyo huhitaji muda wa kukua tumboni mwake, kuzaana, kisha kusafiri hadi kwenye tezi za mate. Ni pale tu vinapofika kwenye mate ndipo anayeumwa atakapoambukizwa.

Muda huo hutegemea joto. Kwa kimelea kilicho hatari zaidi, ambacho ndicho kilichozagaa humu nchini, wataalamu hukadiria kuwa panapo joto la nyuzi 25 za sentigredi huchukua siku 12 hivi. Joto likiwa nyuzi 20, huchukua karibu siku 28. Likiwa nyuzi 18, siku 55. Likishuka hadi nyuzi 16, vimelea havikui kabisa.

Kwa mbu, siku 12 ni umri mkubwa. Kila usiku hukabiliwa na buibui, mjusi, popo, upepo, ukavu wa hewa, kiganja cha mwenye nyumba, na siku hizi chandarua chenye dawa. Swali basi si kama mtaani mwenu kuna mbu. Swali ni kama mbu hao wanazeeka.

Hebu tuchukue mbu 1,000 ambao wamenyonya vimelea leo usiku, mahali penye joto la nyuzi 25. Tuseme kwamba kila siku inayopita, tisa kati ya kila 10 hunusurika. Kesho watabaki 900, kesho kutwa 810, na siku ya 12 watakuwa kama 282. Hao 282 ndio wa kuogopwa.

Sasa tuseme maisha yamekuwa magumu kidogo, na badala ya tisa wananusurika wanane kati ya 10. Ukiitazama siku moja tu, tofauti ni mbu mmoja katika 10, jambo ambalo hungeliona kwa macho. Lakini siku ya 12 hawatakuwa 282 tena bali 69. Wakinusurika saba kati ya 10, watabaki 14. Wakinusurika sita, watabaki wawili.

Sababu ni kwamba hatari hizi hazijumlishwi, bali huzidishwa. Aliyeponea jana hapati msamaha leo. Huanza upya mbele ya hatari ile ile. Aliyeifanya hesabu hii iheshimiwe katika vita dhidi ya malaria ni George Macdonald, mtaalamu wa London ambaye katika miaka ya 1950 alionyesha kwa nini kunyunyizia kuta dawa kulikuwa na nguvu kuliko kukausha madimbwi peke yake. Ukiwaua nusu ya viluwiluwi, utapunguza mbu kwa nusu, na hilo ni jema. Lakini ukiufupisha kidogo tu umri wa mbu walio wakubwa, wale wazee wachache wenye sumu ndio wanaotoweka kwanza.

Ama kuhusu imani kwamba mbu ametoka mbali kukutafuta wewe, hilo lilimshughulisha mtu mwingine mashuhuri. Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyefanya kazi India, ndiye aliyeona vimelea vya malaria ndani ya mbu mnamo Agosti 1897, na mwaka 1902 akatuzwa Nobeli. Baadaye Ross alijiuliza: mbu akitoka kwenye dimbwi, ataenda umbali gani kabla ya kufa? Ukiondoa maji yote katika eneo fulani, mbu wa jirani watachukua muda gani kulijaza tena? Mwaka 1904 alilijadili jambo hilo katika hotuba mjini St. Louis, Marekani, akiwaza juu ya mdudu anayeruka leo upande huu, kesho upande ule, bila mpango.

Hesabu kamili ilimshinda, akaomba msaada wa Karl Pearson, bingwa wa takwimu wa London. Mwaka 1905 Pearson aliliweka fumbo hilo mbele ya wasomaji wa jarida la Nature, na hapo ndipo lilipopata jina linalotumika mpaka leo, ambalo kwa lugha yetu tunaweza kuliita matembezi ya nasibu. Naona inafaa ikumbukwe kwamba somo hilo, ambalo sasa hutumiwa na watu wa benki na wa fizikia, lilipata jina lake kwa sababu ya mbu.

Jibu lake linashangaza kidogo. Anayetembea bila mpango hafiki mbali. Tuseme mbu huruka mita 200 kila usiku, kila mara akichagua upande kwa bahati tu. Baada ya usiku tisa amesafiri mita 1,800 kwa jumla, lakini kwa kawaida utamkuta kiasi cha mita 600 kutoka alikoanzia, kwa sababu safari nyingi hufuta safari zilizotangulia. Mlevi anayepepesuka kutoka kilabuni naye, saa nzima baadaye, yumkini bado yuko karibu na mlango wa kilabu.

Ni kweli kwamba mbu si mlevi kabisa. Akifika karibu na nyumba hunusa pumzi na jasho la mtu, na hapo huacha kubahatisha. Lakini akiwa mbali hana habari zako. Nyumba atakayoingia leo ni suala la bahati, na atakayoingia baada ya siku tatu ni bahati nyingine.

Sasa tuziunganishe hesabu hizi mbili. Mbu anayebeba vimelea hutangatanga kijijini au mtaani kwa siku 12 akitafuta damu, tuseme kila baada ya siku tatu. Kwa hivyo atazuru nyumba nne. Tuseme pia kwamba kila anapoingia nyumba yenye chandarua chenye dawa, ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kufa. Bila vyandarua, tuliona kwamba mbu 282 kati ya 1,000 hufika siku ya 12. Nusu ya nyumba zikiwa na vyandarua, watafika kama 89. Nyumba nane kati ya 10 zikiwa navyo, watafika 37. Nyumba zote zikiwa navyo, 18.

Ziangalie tena tarakimu hizo. Mtu ambaye hana chandarua, lakini anaishi mahali ambapo nusu ya majirani wanavyo, tayari mbu wazee wanaomzunguka wamepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Mbu ambaye angemuuma siku ya 12 alikufa siku ya sita nyumbani kwa mtu mwingine.

Tarakimu zangu ni za mfano, lakini jambo lenyewe limepimwa humu humu Kenya. Katika utafiti mkubwa wa vyandarua vyenye dawa uliofanyika Asembo na Gem, sehemu za Siaya, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijiji vingine vilipewa vyandarua mapema na vingine vikangoja zamu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2003, ilibainika kwamba watoto wa vijiji visivyopewa, ambao nyumba zao zilikuwa ndani ya mita 300 kutoka vijiji vilivyopewa, nao walikingwa karibu sawa na wenzao. Kabla ya hapo, utafiti wa Kilifi ambao matokeo yake yalitoka mwaka 1996 ulikuwa umeonyesha kwamba vyandarua vya aina hiyo vilipunguza vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa asilimia 33. Ni tafiti kama hizo zilizofanya serikali kugawa zaidi ya vyandarua milioni tatu bila malipo mwaka 2006, badala ya kuwaachia wenye pesa wajinunulie.

Hata hivyo, kuna tahadhari ambayo wanahesabu waliigundua na ambayo watu wa afya ya umma huijua kwa uchungu. Mwaka 1975 Monroe Donsker na S.R.S. Varadhan, waliokuwa wakifanya kazi New York, walichapisha jibu la swali hili: mtu akitembea kwa nasibu katika uwanja uliotegwa mitego hapa na pale, ana uwezekano gani wa kuwa hai baada ya muda mrefu? Walipata kwamba ikiwa mitego haihami, wanaonusurika ni wengi kuliko unavyodhani. Hawanusuriki kwa kuikwepa mitego mmoja mmoja, la. Hunusurika wale waliobahatika kuanzia ndani ya uwazi mkubwa usio na mtego, wakazunguka humo humo wasitoke. Lakini kama mitego ingepangwa upya kila usiku, uwazi wa leo usingekuwa uwazi kesho, na maficho hayo yasingekuwapo.

Chukua fununu hiyo uitie mtaani. Vyandarua 500 vilivyotawanywa vizuri havifanani na vyandarua 500 vilivyorundikwa upande mmoja wa kijiji, huku upande wa pili ukiachwa wazi. Upande ulioachwa ndiko mbu watakakozeekea. Ndiyo maana mimi binafsi hukereka nikisikia kwamba ploti fulani iliachwa wakati wa ugavi kwa sababu wenyeji hawakuwapo siku ya kuandikishwa, au kwamba chandarua kimefanywa ua la kuzuia kuku wasile sukuma wiki. Hasara si ya mwenye kuku peke yake.

Tena mitego yetu huchakaa. Dawa iliyo kwenye chandarua hupungua nguvu, nacho hutoboka. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa kinafaa kwa miaka mitatu hivi. Mbu nao wamebadilika. Sehemu nyingi za nchi, wengi wao sasa wanaistahimili dawa ya zamani, na ndiyo maana vyandarua vipya hutiwa dawa ya pili ya kuvunja ukaidi huo. Kwa mbu, mazingira hayatulii hata msimu mmoja, na kwa hesabu yetu mabadiliko hayo ni ya maana kuliko wastani wenyewe.

Nieleze. Tuseme katika siku 12, siku 11 ni nzuri kwa mbu, tisa kati ya 10 wananusurika, kisha kuna siku moja mbaya ambapo wananusurika wawili tu kati ya 10, pengine kwa sababu nyumba zilinyunyiziwa dawa. Ukichukua wastani wa siku zote 12 na kuutumia, utatabiri kwamba watafika mbu 126. Kwa kweli watafika 63 tu. Siku moja mbaya huwamaliza, na siku nzuri zinazoifuata haziwezi kuwafufua.

Lakini geuza upande wa pili. Chukua misimu miwili badala ya siku. Msimu wa ukavu, mbu saba kati ya 10 wananusurika kila siku. Msimu wa mvua na unyevu, tisa. Ukitumia wastani wa misimu hiyo, yaani wanane kati ya 10, utasema kila msimu utatoa mbu 69 wa hatari. Kumbe msimu wa ukavu utatoa 14 na wa mvua 282. Msimu mmoja mzuri kwa mbu hufanya kazi ya misimu 20 mibaya. Hivyo ndivyo mlipuko wa malaria unavyozuka mahali ambapo kwa miaka kadhaa hakukuwa na habari yoyote.

Wakenya wamelionja hilo. Mvua za El Niño za mwaka 1997 zilifurika hata Wajir, ambako kwa kawaida hakuna maji, na mapema mwaka 1998 malaria ililipuka huko. Watu wa ukavu hawana kinga ambayo wenyeji wa ziwani hujijengea kwa kuumwa kila mwaka, kwa hivyo walikufa wakubwa kwa wadogo. Milimani nako, sehemu za Kisii, Kericho na Nandi, joto ndilo huamua. Kumbuka zile siku 55 za nyuzi 18. Kwa mbu tisa kati ya 10 wakinusurika kila siku, ni watatu tu kati ya 1,000 watakaofika. Joto likipanda nyuzi mbili tu, likawa 20, muda unashuka hadi siku 28 na watakaofika ni 52. Nyuzi mbili ni kiasi ambacho wewe na mimi tungekimaliza kwa kuvua sweta.

Mkaazi wa Nairobi, baridi hii tunayoilalamikia mwezi wa Julai ndiyo imekukinga. Wastani wa joto la jiji kwa mwaka uko chini ya nyuzi 20, kwa hivyo anofelesi wengi hufa vimelea vikiwa bado vichanga tumboni mwao. Lakini usilale usingizi wa pono. Kuna anofelesi mwingine, aitwaye stefensi, aliyetoka Asia. Alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na mwaka 2023 Taasisi ya Utafiti wa Matibabu, KEMRI, ikatangaza kwamba amepatikana Marsabit. Huyu hahitaji dimbwi la mashambani. Huzaliana kwenye tangi, pipa na mtungi wa maji, vile vile ambavyo kila nyumba ya mjini huweka kwa sababu ya mifereji mikavu, na kiangazi hakimwondoi kwa kuwa sisi wenyewe tunamhifadhia maji. Miji yetu yenye joto, kama vile Mombasa, Garissa na Kisumu, ndiyo ya kuangaliwa. Funika tangi lako vizuri, na pipa ulisugue ndani kila wiki, kwa sababu yai huchukua wiki moja hadi mbili kuwa mbu.

Hatari iliyo karibu zaidi na wasomaji wengi wa ukurasa huu, hata hivyo, ni ile ya Desemba. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Buruburu hana kinga kumzidi mgeni kutoka Ulaya, hata kama nyanya yake ameishi Busia miaka 70. Mnapompeleka kwa nyanya, mnampeleka mahali ambapo mbu huzeeka. Bebeni chandarua chake, kwani vilivyoko huko huenda vikawa na wenyewe, na kichomekwe chini ya godoro kabla ya giza kuingia. Kina mama wajawazito ni vivyo hivyo, kwa sababu mimba hupunguza kinga hata ya mwenyeji.

Mkisharudi mjini, msihesabu kwamba yameisha. Dalili kwa kawaida hutokea siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa, na zaweza kuchelewa zaidi, wakati shule zimefunguliwa na safari imeshasahaulika. Mtoto akipata homa, kuumwa na kichwa, kutapika au ulegevu, usinunue tembe dukani ukisema ni mafua ya mabadiliko ya hewa. Mpeleke apimwe damu siku hiyo hiyo, na hata kama daktari hakuuliza, mwambie mtoto alilala wapi wakati wa likizo.